Maneno ya Msibani: Kweli, Si Kweli na Nusu Kweli kuhusu Mtoto Aliyeondoka kwa Saratani ya Ubongo

Mpwapwa, msiba wa mtoto mdogo huwa mfupi. Watu wakirudi makaburini wananawa mikono, wanakula, na kabla jua halijazama turubai limekunjwa. Kinachobaki pale chini ya mwembe ni maneno. Huyu anasema mtoto alianguka mwezi wa sita. Yule anasema kuna mkono wa mtu. Bibi mmoja, kwa nia njema kabisa, anasema mama mtu alichelewa hospitali. Tanga halijaanuliwa, na mtoto aliyekuwa na jina lake, ubishi wake na wimbo wake wa chekechea amekwisha kugeuka "yule mtoto wa kichwa".

Maneno ya namna hii hayakuanzia kwetu. Mwaka 632, huko Madina, Mtume Muhammad alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto ambaye hata miaka miwili hakuwa ameifikisha. Siku hiyohiyo jua likapatwa, na watu wakaanza kusemezana kwamba limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Baba aliyefiwa angeweza kunyamaza, maana hadithi hiyo ilimpamba mwanawe. Hakunyamaza. Aliwaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote. Mimi naliona tendo lile kuwa sehemu ya maombolezo yenyewe: kumwondolea mtoto kisichokuwa chake. Yafuatayo ni maneno yanayosemwa kwenye misiba ya watoto waliokufa kwa uvimbe wa ubongo. Kila moja nimelipa hukumu yake.

"Saratani ni ya watu wazima. Mtoto wa miaka minne anaitoa wapi?"

Si kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000, kuanzia wachanga hadi wa miaka 19, hupata saratani kila mwaka. Wala si ugonjwa wa Ulaya. Saratani ya taya ya watoto inayojulikana dunia nzima kwa jina la Burkitt ilielezwa kitaalamu mwaka 1958 na daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala. Kwa uvimbe wa ubongo, nchi zenye daftari zuri la wagonjwa zinauweka katika nafasi ya pili miongoni mwa saratani za watoto, nyuma ya saratani ya damu. Hapa kwetu unaonekana haba kwa sababu uvimbe uliomo ndani ya fuvu hauonekani bila CT scan au MRI, na asiyepimwa hahesabiwi. Anazikwa kwa jina la malaria, degedege au homa ya uti wa mgongo.

"Alianguka, ndipo kichwa kikaanza."

Si kweli, ingawa naelewa kwa nini kila familia inalo anguko la kusimulia. Mtoto wa miaka mitatu huanguka kila siku. Siku ugonjwa unapojulikana, wazazi wanarudi nyuma wakitafuta mwanzo, na huwa hawakosi kuukuta: kitandani, kwenye punda, juu ya mpera.

Mara nyingi mambo huwa yamepinduliwa. Uvimbe ndio uliomwangusha. Sehemu ya nyuma ya ubongo, juu kidogo ya shingo, ndiyo inayoshika mizani ya mwili, na kwa watoto sehemu hiyo ndiyo inayopendwa na uvimbe. Mtoto anaanza kutembea miguu ikiwa imetanuka, anakosa kikombe anachokifuata kwa mkono, anajikwaa mahali pasipo na jiwe.

Mfano mmoja unaojulikana ni wa binti wa Neil Armstrong, Mmarekani aliyekuja kuwa mtu wa kwanza kukanyaga mwezi. Karen alizaliwa Aprili 1959. Kiangazi cha 1961, familia ikiwa Seattle, alijikwaa akaanguka akicheza bustanini. Wazazi walidhani ni uvimbe wa kawaida wa kujigonga. Halafu macho yakaanza kupishana, na mtoto akawa hatembei sawasawa. Vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye shina la ubongo, mahali ambapo kisu cha daktari hakifiki. Alipigwa mionzi, akapata nafuu kiasi cha kujifunza kutembea upya, kisha hali ikarudi. Alifariki nyumbani tarehe 28 Januari 1962, hajatimiza miaka mitatu. Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya ndoa ya wazazi wake. Baba yake alikuwa rubani wa majaribio wa ndege za kasi kupita zote za wakati ule, na hata yeye alianzia palepale wanapoanzia wazazi wa hapa Mpwapwa: alianguka.

"Kuna mkono wa mtu." Au: "Ni laana ya mama." Au, kwa vijana wa siku hizi: "Ni simu."

Si kweli, zote tatu, na sitazikalia sana. Uvimbe mwingi wa ubongo wa watoto hutokana na kosa linalotokea ndani ya chembe moja wakati ubongo unapojijenga. Chembe ile inapoteza breki zake, inajigawa bila kukoma. Watoto wachache huzaliwa na hitilafu ya kurithi inayoongeza hatari, na mionzi mikali ya kichwani ni sababu inayojulikana. Kwa wengi waliobaki hakuna sababu ya kumnyooshea mtu kidole: si chakula alichokula mama akiwa mjamzito, si kazi ya shambani, si shangazi mwenye kinyongo. Kuhusu simu, utafiti mkubwa wa nchi 14 uliowachunguza vijana wa miaka 10 hadi 24 haukuona kwamba matumizi yake yanaongeza uvimbe wa ubongo.

Lakini tuseme wazi jambo moja. Uchawi unapotajwa msibani, mara nyingi anayetajwa ni mwanamke mzee wa jirani, naye ataishi na jina hilo miaka mingi baada ya watu kumsahau mtoto.

"Mama alichelewa."

Hapa naomba tukae kidogo, kwa maana neno hili ndilo linalowaumiza zaidi walio hai.

Chukua mama wa kijiji kilicho juu milimani Rubeho. Mtoto anaamka analia kichwa, anatapika, halafu saa nne anacheza. Kesho hivyohivyo. Kuna sababu yake: ndani ya ubongo mna maji yanayozunguka na kutoka, na uvimbe ukiziba njia, maji yanarundikana kama mfereji wa bustani uliokwama tope. Ukilala chali usiku kucha, mgandamizo unaongezeka, ukiinuka, unapungua. Ndiyo maana asubuhi ni mbaya na mchana ni afadhali. Kwa macho ya mzazi, mtoto anayecheza mchana si mgonjwa.

Anampeleka zahanati. Anatobolewa kidole kwa kipimo cha malaria, anapewa dawa mseto. Anarudi baada ya wiki mbili, anapewa dawa ya minyoo. Mara ya tatu anaambiwa ni U.T.I., ugonjwa ambao siku hizi sijui kama kuna mtoto ambaye hajawahi kuambiwa anao. Mhudumu wa zahanati hakufanya ujinga: kati ya watoto mia wanaotapika Mpwapwa, karibu wote wana mojawapo ya hayo. Uvimbe wa ubongo ni nadra, na dalili zake zinavaa nguo za magonjwa ya kila siku.

Sasa tazama Uingereza, nchi yenye daktari wa familia kwa kila mtu na mashine za kupima katika kila mji. Mwaka 2006 mtoto wa huko mwenye uvimbe wa ubongo alikuwa akikaa wiki zipatazo 14, tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa kujulikana. Zaidi ya miezi mitatu! Ilibidi waanzishe kampeni mwaka 2011, ya kuwafundisha wazazi na madaktari dalili, ndipo muda ukashuka hadi chini ya wiki saba. Ikiwa London walichelewa hivyo, mama aliyekwenda zahanati mara tatu kwa mguu, mtoto mgongoni, hakuchelewa. Alifika mapema mahali ambapo hapakuwa na kipimo. Hukumu: si kweli, na mwenye kulisema msibani angefaa kunyamazishwa na mzee mwenzake.

Kwa walio na watoto hai, dalili zenyewe ni hizi: kichwa cha asubuhi pamoja na kutapika kunakorudi wiki baada ya wiki bila homa wala kuharisha, makengeza yaliyoanza ghafla, mwendo wa kuyumba, shingo inayoinamia upande mmoja, degedege bila homa, na kwa mtoto mchanga, kichwa kinachokua kupita mwili. Kwa wengi haitakuwa uvimbe. Lakini zikija mbili pamoja, omba barua ya rufaa, na usione haya kuiomba.

"Kichwa hakipasuliwi. Ukikifungua tu, saratani inatapakaa."

Si kweli. Upo uvimbe wa ubongo wa watoto unaokua polepole, hasa ule wa sehemu ya nyuma, ambao ukiondolewa wote kwa upasuaji, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi huendelea kuishi bila dawa nyingine. Maji yaliyorundikana nayo yana dawa yake: mrija, ule ambao akina mama wanauita mpira, unayatoa kichwani na kuyapeleka tumboni, na mtoto aliyekuwa amezimia anaweza kufungua macho kesho yake. Wanaokufa baada ya upasuaji wapo. Wengi wao walifika meza ile wakiwa wameshalemewa.

"Tungekuwa na pesa, angepona."

Nusu kweli. Hili ndilo gumu kuliko yote.

Nianze na nusu ya kweli. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto wanane kati ya kumi wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki watatu. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa dunia nzima wa kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030, na uvimbe wa ubongo unaokua polepole umo kati ya saratani sita zilizochaguliwa kuanza nazo, kwa kuwa unatibika. Hata aina kali ya sehemu ya nyuma ya ubongo, kwa upasuaji, mionzi na dawa za saratani, huko inaacha hai watoto saba au zaidi kati ya kumi ikiwa haijasambaa.

Kutoka Mpwapwa, njia ya kuifikia tiba hiyo ni hii. Hospitali ya wilaya inakuandikia rufaa. Unapita Kongwa, unatokea Mbande kwenye lami ya Morogoro, unafika Dodoma baada ya kilomita 120 hivi. Pale ndipo CT scan ilipo, na tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa ifunguliwe mwaka 2015 watu wa kanda ya kati wamepata hospitali kubwa ya rufaa karibu na nyumbani. Kisha Dar es Salaam: upasuaji wa ubongo kwenye Taasisi ya Mifupa, MOI, dawa kwenye wodi ya watoto ya Muhimbili, mionzi kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee pa kupata mionzi ya tiba nchini. Kwa sera, mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure katika hospitali za umma, na shirika la Tumaini la Maisha, lililojengwa na daktari Trish Scanlan kutoka Ireland akiwa Muhimbili, linasaidia dawa na mahali pa kulala kwa familia zinazotoka mbali. Reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 imefupisha safari ya Dodoma hadi Dar. Lakini "bure" ya hospitali haimlipii baba anayekaa miezi mitatu mbali na shamba wakati mtama unapaliliwa, wala haiwapikii watoto wanne waliobaki kwa bibi. Mbuzi wanauzwa, halafu ng'ombe. Nyumba nyingi zimeishia hapo, na zilizoishia hapo hazikukosa upendo.

Nusu isiyo kweli ndiyo hii: Karen Armstrong. Baba yake alikuwa na mshahara, bima, na hospitali za California. Uvimbe wa shina la ubongo ulimuua ndani ya miezi kama minane. Na leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, mahali popote duniani, mionzi huwapa watoto wa uvimbe ule miezi ya nafuu, na walio wengi hawavuki miaka miwili. Kwa hiyo mzazi aliyeambiwa na daktari kwamba uvimbe uko kwenye shina la ubongo asikubali mtu amwambie kwamba angeuza shamba la pili angekuwa na mtoto leo. Angekuwa hana shamba.

"Mofini ni ya kumuua taratibu."

Si kweli. Mofini ya kunywa, ikitolewa kwa kipimo cha uzito wa mtoto kila baada ya saa nne, inaondoa maumivu, haifupishi maisha. Mtoto anayelia usiku kucha ndiye anayechakaa haraka. Ocean Road wamekuwa wakitengeneza dawa hiyo ya maji na kuisambaza kwa hospitali nyingine. Majirani zetu Uganda wametuzidi hapa: daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya hospisi Kampala mwaka 1993 akiwa na mofini ya chupa isiyo na gharama kubwa, na mwaka 2004 sheria yao iliruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika, kwa hiyo mgonjwa wa kijijini hahitaji kumtafuta daktari kwanza. Ipo pia deksamethazoni, dawa ya kupunguza uvimbe unaozunguka saratani, ambayo inaweza kumpa mtoto siku kadhaa bila kutapika. Siku kadhaa si kitu kidogo. Ndizo siku ambazo mzazi atazisimulia baadaye: alikula ubwabwa, alicheka, alimgombeza dada yake.

"Mtoto mdogo hajui kwamba anakufa. Mkimwambia mtamtia hofu."

Si kweli, na hili limepimwa. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner alikaa wodini Marekani na watoto wa kati ya miaka mitatu na tisa waliokuwa na saratani ya damu. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Walijua. Walijua kutokana na sura za mama zao, kutokana na mwenzao aliyetoka kitanda cha jirani asirudi, kutokana na zawadi zilizoongezeka. Na walikaa kimya ili wasiwatie wazazi uchungu.

Kisha mwaka 2004 watafiti wa Sweden waliwauliza wazazi waliofiwa na watoto kwa saratani: je, mlizungumza naye kuhusu kifo? Wazazi 147 walisema walizungumza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejuta. Wazazi 258 walisema hawakuzungumza, na kati yao 69 walijuta. Nimezifikiria sana namba hizo. Ni mara chache utafiti wa watu wenye uchungu kiasi kile unaleta sifuri.

Kuzungumza si kukaa na mtoto wa miaka mitano na kumhubiria. Anauliza, "Mama, nikifa nani atalala na mimi?" Jibu ni kulijibu swali lile, sio kusema "usiseme maneno hayo". Na kwa wale ambao hawakuzungumza, kwa kuwa hakuna aliyewaambia inafaa: watoto wale wa Bluebond-Langner walikuwa wakiwalinda wazazi wao kama wazazi walivyokuwa wakiwalinda wao. Kimya kile kilikuwa na upendo pande zote mbili.

"Nguo zake zichomwe, ugonjwa usije ukahamia kwa mdogo wake."

Si kweli hata kidogo. Saratani ya ubongo haiambukizi kwa nguo, sahani, shuka wala kwa kulala kitanda kimoja. Mkitaka kugawa nguo, gaweni. Mkitaka kuiweka sweta moja, iwekeni. Kitu kimoja ningesihi kisichomwe kwa vyovyote ni kadi ya kliniki. Mle mna tarehe aliyozaliwa, uzito wake wa kwanza, chanjo zake, na mstari unaopanda mwezi hata mwezi. Kwa mtoto wa kijijini ambaye hakuwahi kuandikwa popote pengine, huo ndio wasifu wake.

"Msilitaje jina lake mbele ya mama. Mtamkumbusha."

Si kweli. Kumkumbusha ni kana kwamba alikuwa amesahau.

Kwetu mwanamke akizaa haitwi tena kwa jina lake. Ni Mama wa mtoto wake wa kwanza, sokoni, kanisani, hata kwenye daftari la mkopo wa kikoba. Sasa mtoto yule anapokufa, watu wanaona haya. Wiki ile ile wanaanza kumwita kwa jina la mdogo wake, bila mtu kutangaza, bila mama mwenyewe kuulizwa. Wanadhani wanamwonea huruma. Amefiwa na mtoto, na sasa amenyang'anywa na jina. Wapo akina mama wanaopenda iwe hivyo, na wapo wanaoumia kimya. Muulizeni. "Mama, tuendelee kukuita hivyo?" Swali hilo halijamuua mtu.

Kliniki, kwa ubaridi wake wote, inafanya vizuri kuliko sisi. Kadi ya mjamzito inauliza umezaa mara ngapi, kisha inauliza walio hai ni wangapi. Inajua kwamba hayo ni maswali mawili. Mama akiulizwa mtaani ana watoto wangapi naye akajibu "wanne, mmoja ametangulia", asitazamwe kama amechanganyikiwa.

Wataalamu wa huzuni waliwahi kufundisha kwamba aliyefiwa hana budi kumwacha marehemu ili apone. Tangu miaka ya 1990 wengi wameliacha fundisho hilo, baada ya kuona kwamba wazazi waliofiwa wanaishi vizuri huku wakiendelea kuwa na uhusiano na mtoto wao: wanamtaja, wanamhesabia umri, wanajua mwaka huu angeanza darasa la kwanza.

"Kulia sana ni kumkosea Mungu."

Si kweli, kwa dini zote mbili zinazozika watoto wa Mpwapwa. Mtume niliyemtaja mwanzo alitokwa na machozi Ibrahim alipokuwa akikata roho, na alipoulizwa alisema ni huruma. Biblia inaye Raheli aliyelilia wanawe akakataa kufarijiwa, na hakuna mahali anapokemewa. Wenye haraka ya kumnyamazisha mama mara nyingi ni wao wasioweza kuvumilia sauti.

"Baba mtu ameshasahau, mwone anakwenda kazini." Na pacha wake: "Nyumba ikifiwa na mtoto, ndoa haidumu."

Si kweli zote mbili. Neil Armstrong alirudi kazini upesi baada ya mazishi na kwa miaka mingi hakumzungumzia Karen. Miezi michache baada ya msiba aliomba kuingia kwenye kundi la wanaanga. Dada yake aliamini kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Filamu ya 2018 ya maisha yake inayomwonyesha akiiacha bangili ya binti yake mwezini imelibuni jambo hilo. Hakuna aliyewahi kulishuhudia. Lakini sishangai kwamba watu wanataka iwe kweli, kwa sababu mwanaume asiyeongea anatufanya tumtafutie ishara. Hapa Mpwapwa baba wa namna hiyo utamkuta machungani, au akipalilia shamba ambalo lilishapaliliwa. Kumpelekea jembe na kulima naye sambamba kunafaa kuliko kumwambia ajikaze.

Kuhusu ndoa, ile hesabu inayotangazwa kwamba ndoa nane kati ya kumi huvunjika baada ya kufiwa na mtoto haina msingi. Chama cha wazazi waliofiwa cha Marekani kilipowauliza wazazi wenyewe mwaka 2006, waliokuwa wameachana walikuwa asilimia 16.

"Zaeni mwingine upesi, mtasahau."

Si kweli. Anayezaliwa ni mtu mwingine, naye ana haki ya kutopewa kazi ya kuwa mtu aliyekufa. Mkitaka kuzaa, zaeni kwa sababu mnamtaka yeye.

"Mdogo wake ni mdogo mno, haelewi."

Kweli kiasi. Mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida haelewi kwamba kifo hakirudi nyuma. Ataulizia leo, ataulizia kesho, na katikati atacheza. Ndiyo maana asidanganywe. Ukimwambia kaka "amelala", usiku ataogopa kulala. Ukimwambia "amesafiri", kila basi linalotokea Dodoma litakuwa na mtu wake. Aambiwe kaka amekufa, alikuwa na ugonjwa kichwani, mwili wake hauwezi tena kupumua wala kuamka, na kucheza naye hakuwezi kumwambukiza ugonjwa ule. Hilo la mwisho lisisahaulike. Na aambiwe kwamba si kosa lake, maana watoto hujilaumu hata kwa ugomvi wa mpira.

"Mtoto hafanyiwi kumbukumbu."

Si kweli, ni mazoea tu. Mtu mzima anajengewa kaburi kwa saruji na mwaka ukitimia familia inasoma ibada au dua. Mtoto anaachiwa tuta la udongo ambalo masika mawili yanalisawazisha. Panapojengewa kaburi la mtu mzima, la mtoto nalo linaweza kuwekewa jiwe lenye jina na miaka miwili iliyoandikwa, hata ikiwa imekaribiana. Anayetaka siku ya kushirikiana na wengine anayo: tarehe 15 Februari ni siku ya kimataifa ya saratani ya watoto, Septemba ni mwezi wake, na Jumapili ya pili ya Desemba wazazi waliofiwa wa nchi nyingi huwasha mishumaa saa moja jioni, kila mmoja kwa saa ya kwao. Asiyetaka siku za watu achukue siku ya kuzaliwa, apike alichopenda mtoto, awaite wenzake aliokuwa akicheza nao. Wapo bado, wamekua, na wana hadithi ambazo mama hajawahi kuzisikia.

Na picha. Watoto wengi wa huku picha zao zote ziko kwenye simu moja, ya shangazi au ya mjomba, ambayo kioo chake kimepasuka tayari. Msisubiri arobaini. Mpelekeeni kijana wa studio azisafishe zote, hata zile ambazo mtoto amefumba macho, hata za hospitali akiwa amenyolewa kichwa. Mtachagua baadaye.